Goli Bila Mtambaa Panya

Jumamosi moja mwezi uliopita umeme ulikatika mtaani kwetu Kinyerezi, Dar es Salaam, majira ya saa nane mchana, wakati mwanangu wa miaka tisa na binamu zake wawili wakiwa wameketi sakafuni mbele ya runinga, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kushika pedi ya gemu. Walivumilia kwa robo saa hivi, wakahamia kwenye simu ya baba yao mdogo mpaka nayo ikazima, kisha, baada ya kuzunguka sebuleni wakiulizana umeme utarudi lini, wakatoka nje. Ng'ambo ya barabara kuna kiwanja ambacho mwenyewe bado hajakijenga, na watoto wa majirani walikuwa tayari wanapiga chandimu hapo kwa mpira wa makaratasi. Nilifurahi, nikajiambia kwamba leo angalau watachoka na kulala mapema. Hazikupita dakika ishirini, mwanangu akarudi akilia. Nilimkagua magoti na viwiko, sikuona jeraha. "Mama, njoo uwaambie lile halikuwa goli, mpira umepita juu."

Magoli ya kiwanja kile ni mawe mawili kila upande. Hakuna mlingoti, wala mtambaa panya, kama watangazaji wetu wa mpira wanavyopenda kuuita mwamba wa juu, na kwa hiyo swali la kama mpira umeingia au umepita juu haliwezi kumalizwa na mtu yeyote kwa kutazama. Humalizwa kwa kubishana mpaka mmoja akubali. Watoto waliozoea kiwanja wana utaratibu wao: golikipa hunyoosha mkono, na mpira usiofikiwa na ncha za vidole vyake umepita juu. Golikipa akiwa mfupi timu yake inafaidika, jambo ambalo nalo lina ubishi wake. Mwanangu, anayekijua kwa majina kikosi kizima cha timu tatu za Ulaya na anayeweza kueleza sheria ya kuotea kuliko baba yake, hakuwa na la kufanya mbele ya ubishi huo. Alitafuta mwamuzi, na alipomkosa uwanjani akaja kumtafuta jikoni.

Pengine nimelifikiria tukio hilo kupita linavyostahili, lakini tangu siku ile nimeona kwamba mjadala wetu wa kawaida kuhusu gemu na michezo ya nje unaacha jambo moja kubwa pembeni.

Wazazi wengi huanza na mwili, na hawakosei. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano, linashauri kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne aushughulishe mwili wake kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku, na muda wake wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja. Kwa wenye miaka 5 hadi 17, mwongozo wa mwaka uliofuata unataka wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kuwafanya waheme. Macho nayo yamo. Huko Guangzhou, China, watafiti walizigawa shule 12 za msingi katika makundi mawili, kundi moja likaongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika kundi hilo, na asilimia 39.5 katika kundi lililoendelea na ratiba ya zamani. Hakuna uwanja wala kocha uliohitajika hapo, ila mwanga wa mchana tu, na mwanga huo sisi tunao bure mwaka mzima.

Gemu nazo zina watetezi wenye hoja, na sitaki kujifanya sikuzisikia. Mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier, wakiwa Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, walionyesha kwamba gemu za mapambano ya kasi hunoa uwezo wa kufuatilia kwa macho vitu vingi kwa wakati mmoja, ingawa waliopimwa walikuwa vijana wa chuo, si watoto wa darasa la tatu. Mwanangu amejifunza Kiingereza kingi kwenye gemu kuliko kwenye madaftari yake, na kuna gemu za kujenga, kama Minecraft, ambazo nimewaona watoto wakizitumia kupanga mji pamoja kwa subira ambayo siioni wanapofanya kazi nyingine yoyote. Isitoshe, mimi ni mtu wa pwani. Nimekua nikiwaona wazee wakikaa barazani na bao tangu alasiri hadi Magharibi, na sikumbuki mtu aliyewaonya kuwa wanadumaza akili. Mchezo wa kukaa kitako si dhambi.

Ninachokiona ni tofauti ya nani anashika sheria. Katika gemu ya mpira, mashine ndiyo iliyoamua zamani kama goli ni goli. Mchezaji anaweza kukasirika, kurusha pedi au kuzima, lakini hana wa kubishana naye, na hawezi kumshawishi mtu kwamba safari hii tulihesabu vibaya. Haki ya mashine ni kamili, na kwa sababu hiyo haimdai mtoto chochote. Hajifunzi kuanza sentensi kwa "Haya, basi tufanye hivi", sentensi ambayo kwa maoni yangu ndiyo matunda makubwa ya utoto mzima.

Jambo hili liliwahi kumshughulisha Jean Piaget, mtaalamu wa saikolojia wa Uswisi, ambaye katika kazi aliyoichapisha mwaka 1932 alieleza namna alivyokaa na wavulana wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi, akiwauliza sheria zao zilitoka wapi na kama zinaweza kubadilishwa. Wadogo walimwambia kwamba sheria zilitoka kwa wakubwa, au kwa Mungu mwenyewe, na haziguswi, ingawa katika kucheza kila mmoja alifanya alivyotaka. Waliofikia miaka kumi, kumi na moja, walikuwa na jibu jingine: sheria ni makubaliano yetu, na tukikubaliana wote tunaweza kuibadilisha. Katika safari hiyo ya kutoka jibu la kwanza hadi la pili, Piaget aliona kwamba kinachomvusha mtoto ni kucheza na wenzake walio sawa naye kuliko mahubiri ya wazazi.

Nilikuwa naijua safari hiyo kabla ya kulisikia jina la Piaget. Nilikulia Ngamiani, Tanga, ambako mitaa inaitwa kwa namba, na sisi wasichana tulikuwa watu wa rede. Wawili husimama huku na huku wakirushiana mpira, na aliye katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa kwa kiganja. Chupa ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda. Ugumu ulikuwa kwenye gauni. Mpira ukigusa gauni lililopepea, amepigwa au hajapigwa? Mtaani kwetu tulishakata shauri kwamba gauni si mwili, lakini mitaa miwili mbele gauni lilikuwa mwili, hivyo tulipokwenda kucheza kwao ilitubidi kukaa kwanza na kulimaliza suala la gauni kabla mpira haujarushwa, na mara nyingine kikao hicho kilikuwa kirefu kuliko mchezo. Aliyeng'ang'ania sana alijikuta peke yake na chupa yake, kwa sababu rede haichezwi na mtu mmoja. Mwenye mpira naye alijua kwamba akiondoka nao kwa hasira leo, kesho hataitwa. Wadogo tuliwaingiza bila kuwahesabu, tukiwarushia mpira polepole, na hakuna mtu mzima aliyetuagiza kufanya hivyo.

Na kombolela? Anayelinda kopo analazimika kuamua aende umbali gani kuwatafuta waliojificha, akijua kwamba akichelewa, mmoja atatoka nyuma ya choo, alipige kopo teke, na wote walionaswa wawe huru. Yule anayetoka mafichoni kuwakomboa wenzake anahatarisha nafasi yake mwenyewe, na nakumbuka mpaka leo ni nani mtaani kwetu alikuwa tayari kufanya hivyo na ni nani alibaki amejificha hadi giza likaingia. Ilikuwa taarifa ya manufaa kuhusu watu.

Sisemi kwamba tulikuwa peponi. Saa kumi na moja jioni mama aliniita kuosha vyombo, wakati kaka zangu waliendelea na mpira hadi adhana, kwa hiyo hata mitaa ile haikuwa ya wote kwa usawa. Kulikuwa na miba, vigae vya chupa, na mtu mmoja wa jirani ambaye wasichana tuliambiana kimyakimya tusipite karibu na mlango wake. Mzazi wa leo anayefunga geti kwa sababu ya bodaboda zinazokatiza vichochoroni kwa kasi, au kwa sababu ya habari za ukatili dhidi ya watoto anazozisoma kila wiki, simwiti mwoga.

Lakini tuwe wakweli juu ya nani alitangulia. Gemu haikumkuta mtoto uwanjani ikamvuta mkono kumleta ndani. Ilimkuta tayari yuko ndani, hana pa kwenda. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu milioni 4.36 katika sensa ya mwaka 2012, na milioni 5.38 miaka kumi baadaye, na kila aliyepata kipande cha ardhi alianza na ukuta. Mimi pia. Mtaani kwetu eneo la wazi lililokuwa na mikorosho minne sasa lina fremu za maduka. Mwanangu anachukuliwa na basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudishwa saa kumi na moja jioni, na mara mbili kwa wiki mwalimu wa tuisheni anamsubiri mezani. Ukitoa kula, kuoga na kazi za nyumbani, inabaki saa moja yenye giza, na kitu pekee kinachoweza kuingia ndani ya saa moja yenye giza ni skrini. Kisha tunakaa vikao vya familia kumlaumu kwa uvivu.

Ndiyo maana sivutiwi sana na mawazo ya kuzuia peke yake. China iliamua Agosti 2021 kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze gemu za mtandaoni kwa saa moja tu, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sawa, lakini saa nyingine zilizobaki mtoto atazipeleka wapi? Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inaitaja haki ya kucheza na kuburudika miongoni mwa wajibu wa mzazi au mlezi, pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Nimewahi kuona mzazi akiitwa ofisini kwa kukosa kumlipia mtoto ada; sijawahi kuona anayeulizwa mtoto wake anacheza wapi. Sijawahi kusikia pia shule inayojinadi kwa wazazi kwa ukubwa wa uwanja wake, wakati mabango ya wastani wa mitihani yamejaa kila kona.

Nyumbani kwetu tumefanya machache, na sidai kwamba yatafaa kwa kila mtu. Tumeondoa siku moja ya tuisheni, uamuzi uliomfanya bibi yake anipigie simu kutoka Tanga kuniuliza kama nina akili timamu. Pedi bado zipo na sizifichi. Mimi na Mama wa nyumba ya tatu tunapeana zamu Jumamosi alasiri kukaa kibarazani, mmoja akichambua mboga na jicho lake likiwa kiwanjani, kwa makubaliano kwamba tutanyanyuka kwa gari, kwa damu na kwa mtu mzima tusiyemfahamu, na kwa ubishi wa goli hatunyanyuki. Hilo la mwisho limekuwa gumu kuliko nilivyotarajia. Mara mbili nimejikuta nimeshafika getini.

Wiki iliyopita lori lilimwaga mchanga na tofali kiwanjani, karibu kabisa na goli la upande wa barabara. Inaonekana mwenye mali ameamua kujenga. Watoto walisimamisha mchezo, wakaamua kuyasogeza mawe hatua sita ndani, na kwa kuwa hatua za mtoto mmoja si sawa na za mwingine, ubishi wa nani ahesabu ulinifikia hadi jikoni. Sauti ya mwanangu ilikuwemo. Kwa nilivyosikia, hoja yake haikupita.