Punguzeni TXDELAY, masafa ni yetu sote

"Weka mia tu, utakuwa salama." Wiki hii tena kijana mmoja wa Iringa, ambaye pakiti zake (data fupi tunazorushiana kwa redio za ridhaa) zilikuwa hazisomeki, kapewa ushauri huo wa TXDELAY, yaani muda ambao redio inarusha kabla ujumbe haujaanza, na watu wenye leseni za miaka mingi. Umenikera sana. Mia ni sekunde nzima! Kwenye KISS, lugha ambayo kompyuta huzungumza na modemu ya redio, kila namba ni milisekunde 10, na kwa mwendo wa biti 1200 kwa sekunde, muda huo unatosha kubeba baiti 150. Taarifa ya kawaida ya mahali ulipo haifiki hapo. Redio inarusha bendera tupu, alama za kujaza muda zisizo na ujumbe, 01111110, 01111110, muda mrefu kuliko ujumbe wenyewe, tena kwenye 144.800 MHz ileile tunayotegemea wote.

Mtasema huku kusini tuko wachache. Sawa, ni kweli. Lakini tazameni milima yetu. Wa Tukuyu yuko upande wa pili wa Rungwe, wa Mbeya mjini yuko chini ya Loleza, hawasikiani kabisa. Weka kituo cha kurudia kileleni, kitawasikia wote wawili. Modemu husikiliza kwanza kama njia iko wazi ndipo irushe, ila itamsubirije mtu isiyemsikia? Kila milisekunde mnayoongeza bila sababu inazipa pakiti zao nafasi ya kugongana huko juu, na mara nyingi zinapotea zote mbili. Wawili walioko tambarare ya Usangu wanaweza kusubiriana. Sisi wa mabondeni hatuwezi, hata tukiwa wanne tu.

Betri nayo inaumia. Anayetegemea sola siku za mvua na ukungu ananielewa.

Na yule kijana hakuwa na tatizo lolote upande wake. Redio ya mkononi ya mwenzake, ile inayopokea, ilikuwa imewekwa kwenye kuhifadhi betri. Inasinzia, inaamka, inasinzia tena, na mwanzo wa pakiti unapita ikiwa imelala. Walipozima SAVE na kufungua skwelchi (kinachonyamazisha redio isiposikia mawimbi) kabisa, pakiti zilisomeka kwa 30, kiasi ambacho Direwolf, programu ya modemu, huanza nacho yenyewe. Hiyo mia ingeficha ugonjwa tu, na sote tungeulipia.

Nakubali, shingo upande, kwamba redio nyingine za zamani huchelewa kutoka kupokea hadi kurusha, na anayetumia VOX, redio kuanza kurusha yenyewe ikisikia sauti, hana budi kuongeza. Lakini jamani, waya wa PTT, wa kuiamuru redio irushe, hauna gharama kubwa. Tengenezeni.

Anzeni na 30, mshuke tano tano hadi mwenzenu aanze kupoteza pakiti, kisha mpande hatua moja au mbili, mwachie hapo. Msipime kwa redio mbili juu ya meza moja, maana hapo karibu kila kitu kinasomeka. Wa Mafinga apime na wa Makambako.