Mwalimu Kasema Rahisi

Mwalimu wa video ya CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, kaganda. Kidole juu, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu, na nyuma yake ubaoni pameandikwa anwani ya mashine, 192.168.10.77/27. Alikuwa anasema, kwa uso wa mtu aliyelala vizuri na kunywa chai yenye maziwa, "hapa ni rahisi tu, sabneti yake ni..." Basi. Duara linazunguka. Bando limekata.

Mimi ni mtu mzima, siwezi kugombana na video. Nitakaa wima, nitashika kalamu, na hesabu itakwisha bila msaada wa mtu. Sabneti ni kipande cha mtandao, na maski ndiyo inayoonyesha kinaishia wapi. /27 maana yake maski ni 255.255.255.224. Chukua 256, toa 224, inabaki 32. Sabneti zinaruka kwa 32: 0, 32, 64, 96. Hiyo 77 imekaa kati ya 64 na 96, kwa hiyo sabneti ni 192.168.10.64. Anwani ya kutangazia wote ni ile ya mwisho kabla ya 96, yaani .95. Za kugawia mashine ni kuanzia .65 hadi .94, jumla 30. Imekwisha! Mistari minne! Na mwalimu alikuwa kashatumia robo saa kutusimulia alivyokuwa anaogopa hesabu shuleni, akatuonyesha na paka wake. Sina ugomvi na paka. Ila paka huyo kapita kwenye kioo kwa MB zangu, tena kwa 1080p, kila sharubu inaonekana.

Maana saa moja ya video ya 720p inaweza kula GB nzima na bado ikaomba nyongeza, na kozi kamili ya CCNA ni makumi ya masaa. Wajuzi watakwambia shusha iwe 360p. Shusha uone. Mwalimu anaandika maski iliyopinduliwa, wewe unakodoa: ni 0.0.0.31, au 0.0.0.81, au 0.0.0.37? Majina ya milango, Gi0/0 na Gi0/8, ni mapacha. Kwa nadharia sawa, 360p inatosha, safu saba za OSI, ule mpangilio wa hatua za mawasiliano, hazina sura ya kutazama. Ila somo lolote lenye lile dirisha jeusi la amri, lipakue kwa 720p usiku bando la usiku likiwa hai, ulitazame mchana kwa amani. Na uzime kile kitufe cha kuendelea na video inayofuata, la sivyo unasinzia kwenye somo la VLAN unaamka kwenye keki ya ndizi. Wale wanaocheza video kwa kasi ya 1.5 wakidhani wanaokoa bando, poleni. Video ni ile ile na MB ni zile zile, zinakwisha mapema tu.

Halafu kuna jamaa wa flashi. Kila mtaa anaye. "Usinunue bando, mimi nina kozi nzima, 80 GB, nikurushie." Unafungua, folda ya kwanza imeandikwa 200-125. Huo mtihani ulishazikwa. Tangu 24 Februari 2020 mtihani wa CCNA ni 200-301, na tangu 20 Agosti 2024 ni toleo la 1.1, ambalo limewatoa Puppet na Chef, programu za kusanidi mashine nyingi kwa mpigo, likamwingiza Terraform akae na Ansible, likagusa na akili mnemba. Wewe kwenye flashi unamwaga jasho na RIP na EIGRP, lugha za ruta kupashana njia, usiku na mchana, wakati orodha ya mada inakutaka usanidi lugha nyingine, OSPFv2 ya eneo moja. Orodha hiyo Cisco wanaitoa bure, kurasa chache, ukiwa na bando la mia tano unaipata. Inasema hata uzito: njia za IP 25%, misingi ya mitandao 20%, swichi na Wi-Fi 20%, usalama 15%, huduma za IP 10%, uendeshaji wa kujiendesha 10%. Kozi yenye masaa sita ya historia ya waya na dakika arobaini za OSPF, hiyo ni kumbukumbu ya mwalimu. Ada ya mtihani ni dola 300 kabla ya kodi. Kubadilisha kuwa shilingi fanya mwenyewe, ukiwa umekaa.

Lakini hayo yote nayavumilia. Uvumilivu wangu unaishia kwenye ruta.

Mwalimu anakwambia fungua Packet Tracer, ile programu ya bure ya kuigiza mitandao unayoipata ukijisajili Cisco Networking Academy, tufanye maabara ndogo. Ruta mbili za kuunganisha mitandao, swichi mbili za kuunganisha mashine, kompyuta mbili. Yeye vidole vinakimbia, kila kitu kinawaka kijani, anatabasamu, anaaga. Sasa zamu yako. Unaibofya ruta kwa adabu zote, inakuja na Router>, na wewe unaandika enbale badala ya enable. Herufi mbili zimepishana. Ni nani ambaye herufi hazijawahi kumpisha?

Kiumbe mwenye akili angesema "sijaelewa, rudia." Ruta haisemi hivyo. Ruta inaamini kwamba wewe, bosi wake, huwezi kukosea, kwa hiyo enbale lazima iwe jina la mashine fulani huko duniani ambayo unataka kuunganishwa nayo kwa telnet, ile njia ya kuingia mashine ya mbali. Inaondoka kuitafuta. Translating "enbale"...domain server (255.255.255.255). Unaiona hiyo anwani? Haijapewa mtu wa kumwuliza, kwa hiyo inauliza mtandao mzima kwa sauti: jamani, enbale yupo? Enbale hayupo. Inasubiri. Na wewe unasubiri, kibodi haikujibu, unabonyeza Enter, unabonyeza Esc, unabonyeza vitu ambavyo hujui kazi yake, na ruta imetulia kama karani aliyeenda kutafuta faili wakati wa chai. Baada ya muda wake inarudi na kukutangazia kwamba hiyo si amri wala si kompyuta inayoijua. Nilijua! Ningeweza kukwambia!

Dawa ipo, na walimu wengi wanaitaja somo la ishirini na kitu huko, ukishazeeka. Ukinaswa, bonyeza Ctrl na Shift na 6 kwa pamoja, inaacha. Kisha ingia enable, configure terminal, andika no ip domain-lookup, na iwe amri ya kwanza kwenye kila ruta utakayoigusa maishani. Papo hapo ingia line console 0 uandike logging synchronous, maana ruta ina tabia ya pili: ukiwa katikati ya kuandika, inakudakia na habari zake. Unaandika ip addr, yenyewe inapachika %LINK-5-CHANGED katikati ya neno lako, hujui tena umefika wapi. Hiyo amri haiizuii kuongea. Inakurudishia tu ulichokuwa unaandika kwenye mstari safi. Ndiyo heshima pekee utakayoipata hapo.

Haya, tumetulia. Unaingia interface g0/0, yaani mlango wa ruta, unaipa anwani. Ukiipa 192.168.10.64 na ile maski ya 224, inakujibu Bad mask /27, kana kwamba tatizo ni maski. Maski haina kosa, ni kwamba umempa mlango anwani ya sabneti yenyewe. Mpe .65. Sawa, kakubali, kimya. Unatazama mchoro: taa nyekundu. Unakagua waya, unafuta waya, unarudisha waya. Nyekundu. Kwa sababu milango ya ruta huzaliwa imefungwa, na huwezi kuamini, amri ya kuifungua ni kuiambia "usifungwe": no shutdown. Swichi milango yake huzaliwa wazi, ruta imefungwa, na hao ni watoto wa kampuni moja.

Taa ya ruta kijani. Ya swichi upande wa pili rangi ya chungwa. Hapo usiguse kitu! Watu wameharibu maabara nzima kwa kutosubiri. Hiyo ni STP, kinga ya swichi, inachungulia kama kuna mzunguko wa waya: sekunde 15 inasikiliza, 15 inajifunza, jumla 30, ndipo inaruhusu. Packet Tracer ina kitufe cha kusogeza muda mbele, kibonyeze. Au kwenye mlango unaoenda kwa kompyuta weka spanning-tree portfast, lakini usiweke kati ya swichi na swichi, ukileta mzunguko utajua mwenyewe.

Unapiga ping, ile hodi ya kujaribu kama mwenzako anasikia. Inatoka nukta moja na alama nne za mshangao: .!!!! Asilimia 80. Usianze kulia, wala usikimbilie kutuma picha kwenye kundi la WhatsApp. Hiyo ya kwanza imepotea kwa sababu ruta ilikuwa inatumia ARP kuulizia MAC ya jirani, yaani anwani ya kadi yake. Piga tena, zinatoka tano.

Sasa OSPF yenyewe. router ospf 1, halafu network 192.168.10.64 0.0.0.31 area 0, halafu ule waya wa kati ya ruta mbili, network 10.0.0.0 0.0.0.3 area 0. Hizo za nyuma ni maski zilizopinduliwa, 255 toa 224 ni 31, 255 toa 252 ni 3. Ndiyo maana nililia pale juu kuhusu 360p: ukisoma 31 ukaandika 3, amri inakubaliwa vizuri kabisa, hakuna kelele, ila mlango wenye .65 hauingii kwenye OSPF, maana .65 haimo kati ya .64 na .67... haya, imo! Inaingia! Hapo umekosea na bado imefanya kazi, na hilo ndilo linaloudhi zaidi, kwa sababu kesho ukiweka .70 haitafanya, na hutajua kwa nini.

Unaandika show ip ospf neighbor. Haijibu kitu. Haisemi "hakuna", haisemi "bado", inakurudishia alama yake ya # na kukutazama. Jamani, mimi nimeuliza swali! Majirani ni lazima wakubaliane namba ya area, muda wa kusalimiana (hello) na wa kumhesabu jirani amekufa (dead), ambazo kwenye Ethernet ni sekunde 10 na 40, na wawe sabneti moja. Ile 1 ya router ospf 1 haina haja ya kufanana, iache, watu wanapoteza jioni nzima wakiifananisha. Na kama umeweka passive-interface, hakikisha umeiweka kwenye mlango wa kompyuta, maana ukiiweka kwenye waya wa ruta mwenzake umemziba mdomo, hatasalimia mtu. Rekebisha, ngoja zile sekunde 40 za kumchagua kiongozi, itatokea FULL, yaani wameelewana. Hapo mwalimu alishaaga zamani.

Umemaliza, unaandika copy running-config startup-config, unajiona mstaarabu. Umeme unakatika. Ukirudi hakuna kitu. Kwa sababu umehifadhi ndani ya kumbukumbu ya ruta ambayo yenyewe haipo, imo ndani ya faili la Packet Tracer ambalo hukulihifadhi. Ctrl na S, ndugu zangu. Ruta ya kuigiza inahifadhiwa mara mbili, ya kweli mara moja. Nani alipanga?

Na ukiwa unatazama tu bila kuandika, unaelewa kila kitu, ndiyo balaa la video. Simamisha kabla mwalimu hajabonyeza Enter, andika unachodhani kitatoka, ndipo uendelee. Mtihani ni dakika 120, ukishaenda swali linalofuata hurudi nyuma, na kikokotoo hakuna. Kuufanyia nyumbani inaruhusiwa, mradi chumbani asiingie mtu yeyote. Mtu yeyote! Nyumba gani hiyo ya Kiswahili ambayo kwa saa mbili hakuna anayefungua mlango kuuliza sufuria ndogo iko wapi?

Maana nyumbani wanajua unasoma "mambo ya network", na wana yao. Mjomba anakuletea simu ina mnara mmoja: "Hebu iongezee hii." Mjomba, huo ni mnara wa kampuni ya simu. "Sasa unasomea nini?" Jirani king'amuzi chake hakioneshi mpira. Mama mdogo kasahau nywila ya barua pepe, anataka uikumbuke wewe. Shemeji ana printa. Shikamoo na marahaba hazijaisha, keshakwambia printa haichapi. Shemeji, printa ziko kwenye mtihani wa CompTIA A+, huko ndiko zinakofundishwa, CCNA haina printa! Haelewi. Unaenda. Unakuta wino umekauka tangu sikukuu, karatasi wameweka zilizochapwa upande mmoja ili kubana matumizi, moja imekunjika ndani kwenye roli, na ukiivuta inachanika nusu ibaki humo humo, sasa utafute kibanio cha nyusi, na kibanio cha nyusi nyumba hiyo anacho mtu mmoja tu na ameondoka nacho kwenda saluni