Mama Mkwe Amesikia Beringi

Msidhani nilikuwa sisikii. Nilikuwa nasikia vizuri tu. Spidi ikifika 40 gari linaanza kuvuma, mmmm, kama mtu anayetafuta sauti ya kuanzia kaswida. Ikifika 60 sauti imepatikana. Ikifika 80 ni maulidi, matari na vyote. Lakini ada ya shule ilikuwa mlangoni, na mwenye nyumba naye mlangoni hapohapo, kwa hiyo nikatumia dawa iliyokuwa karibu na mkono: nikaongeza sauti ya redio.

Miezi 3 tumekwenda hivyo. Gari likiongeza, nami naongeza.

Gari lenyewe ni Hilux ya mwaka 1993, dizeli, ya kubebea mchanga, matofali, mbao na, Jumamosi, vyombo vya maharusi. Haina fowili, yaani injini haivuti tairi zote 4. Haina kiyoyozi, ukitaka upepo unashusha kioo kwa kukikandamiza na viganja viwili. Inanilisha, sikatai, ila inaanza kula yenyewe.

Mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, hakuna asiye fundi. Muuza chipsi alisema ni tairi, zimeliwa upande. Fundi pancha akasema alaimenti, yaani tairi hazielekei sawa, akataka na kianzio. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye maishani hajawahi kumiliki tairi 4 kwa mpigo, akaniambia, "Difu imekufa hiyo mzee, zile gia za nyuma, uza." Mama Zuwena, mke wangu, akasema yeye hajui ni nini, anachojua ni hela. Huyo ndiye aliyekaribia.

Halafu ikaja siku ya kumpeleka mama mkwe Mkuranga kwenye hitima. Mama mkwe kakaa dirishani, mwanawe katikati, mimi kwenye usukani na adabu zangu zote. Redio huwezi kuipigisha kelele mbele ya mama mkwe, tena safari ya hitima. Nikaizima. Toka Rangi Tatu mpaka Kongowe sote watatu tunalisikiliza gari. Tulipofika Vikindu akageuza uso taratibu:

"Baba Zuwena."

"Naam, mama."

"Hili gari limeanza kusoma kabla hatujafika?"

Mama Zuwena akajiziba mdomo kwa mtandio. Mama mkwe akaendelea, wala hacheki: "Tena linasomea hapa, chini ya miguu yangu. Ukikata kulia linapaza, ukikata kushoto linanong'ona."

Nilinyamaza, lakini moyoni niliumia, maana mafundi wote wa mtaa hawakuliona hilo. Ukikata kulia uzito wa gari unalalia kushoto, na tairi la kushoto mbele ndilo lililokuwa chini ya kanga yake. Jioni nikapiga jeki, nikalishika tairi juu na chini, nikavuta na kusukuma. Koko, koko. Linacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Beringi hiyo, kile chuma cha mviringo kinacholifanya tairi lizunguke laini.

Kesho yake niko Gerezani, kwenye maduka ya spea. Pale dukani nimetaja tu beringi za mbele za Hilux, kijana akaniuliza, "Unataka orijino, au orijino kabisa?" Nikamwuliza tofauti yake nini. "Bei." Akashusha maboksi mawili kutoka rafu ile ile, rangi ile ile, maandishi yale yale. Tairi moja lina beringi 2, ya ndani kubwa na ya nje ndogo, na kila moja ina kikombe chake cha chuma kinachokaa ndani ya habu, kile kitovu cha tairi. Ongeza sili ya kuzuia grisi isivuje. Ongeza kopo la grisi, na iwe ile inayovumilia joto, maana breki ziko jirani. Nikachukua orijino. Ile ya kabisa ningeilipia, watoto ningemwachia nani?

Nikiwa kwenye daladala nilifungua boksi nikaitazama. Kumbe ndani si gololi, ni vipipa vidogo vimepangwa mduara, vyembamba upande mmoja, ili vibebe uzito wa juu na wa ubavuni kwa pamoja. Hati ya kumiliki ubunifu huo alipewa mwaka 1898 mtengeneza magari ya farasi wa Marekani, Henry Timken. Magari ya farasi! Laiti angepitia barabara yetu ya mtaa wakati wa masika, angerudi kwenye kuuza farasi.

Sasa fundi. Fundi niliyempata anafanya kazi huku anaongea na simu, bega limebana sikio. Kaliper, kile kibano cha breki, kaifungua akaiacha inaning'inia kwa mpira wa breki. Nikamwambia, fundi, ifunge hata na waya, mpira utakatika. Akaniambia, "Tulia mzee, niko kazini." Vikombe vya zamani akavitoa kwa bisibisi na nyundo, ngongo ngongo, mpaka majirani wakadhani tunaezeka. Vipya akavipigilia moja kwa moja kwa nyundo, wakati fundi anayejua anachukua kile kikombe kuukuu, anakiweka juu ya kipya, anakigongea hicho. Grisi akapaka kwa juu juu, kama siagi ya mkate wa kibandani. Huko ndani kati ya vipipa, pakavu. Nikauliza kotapini mpya, ile pini ya kuzuia nati isifunguke, iko wapi. Akachukua msumari, akaukunja. Msumari, jamani! Tairi la mbele la gari la watu limeshikwa na msumari wa nchi 3.

Lakini kilichoniponza ni nati. Kaishika spana, kachomeka na bomba kuongeza nguvu, kakaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Hii haitalegea tena." Kweli haikulegea. Nilifika Kongowe nikasikia harufu, nikadhani kuna mtu anachoma mpira. Nikasimama, nikatema mate kwenye habu. Yakachemka.

Chini ya mwembe pale kuna mzee na boksi lake la spana, kofia imeiva kwa oili. Akafungua, akaitoa beringi yangu ya siku moja. Imegeuka bluu kama shingo ya tausi. Hakuniuliza fundi ni nani. Alisema tu, "Hii ni nati ya beringi, baba, si nati ya tairi."

Nikarudi Gerezani. Kijana wa duka akaiangalia ile bluu, akaniangalia mimi, akaushika mkono wangu kwa huruma: "Si ulichukua orijino? Mimi nilikwambia kuna orijino kabisa."

Mzee alifanya kazi bila simu. Habu akaiosha kwa dizeli mpaka ikang'aa, akaikausha. Grisi akaiweka kiganjani, akawa anaisukumiza kwenye beringi kwa upande mpana mpaka inachungulia upande wa pili, mduara mzima, kama mtu anayeshindilia tende. Nati akaikaza huku anazungusha habu ili beringi zikae mahali pake, akailegeza, kisha akaikaza tena kwa vidole vyake tu. Kotapini mpya. Akanituma niende mbele kidogo nirudi, akashika habu kwa kiganja. Vuguvugu. "Nenda."

Bei yake ilikuwa nusu ya yule wa simu. Nilitaka kulia.

Jumapili tukampeleka tena mama mkwe Mkuranga. Aaah! Sitini, kimya. Themanini, kimya. Unasikia tairi zinavyoilamba lami. Nikakata kulia makusudi, kona nzima, hakuna anayesoma. Nikajikuta natabasamu peke yangu kama bwana harusi. Tulipofika Vikindu, mama mkwe akageuza uso taratibu.

"Alhamdulillahi. Leo tunasikilizana."

"Naam, mama."

"Siku zote nilikuwa nataka kukuuliza, gari linanikatisha. Baba Zuwena, zile bati 40 ulizoniahidi tangu Ramadhani ya juzi, zimefikia wapi?"

Mkono ukaenda wenyewe kwenye redio, adabu baadaye. Nikazungusha mpaka mwisho. Spika ilikuwa imeshapasuka tangu mwezi wa pili wa ule mvumo. Ikatoa krrr moja, ikanyamaza.

"Eti, mwanangu?"