Ufunguo Haumzuii Aliye Ndani

Zungumza na mafundi kuhusu usalama wa vifaa vinavyoungana vyenyewe hewani na kupokezana ujumbe, bila mnara wala ruta ya kati, mfano redio za waokoaji au droni zinazoruka kwa kundi, na watakutajia nywila na usimbaji, yaani kuuficha ujumbe kwa ufunguo wa siri. Ni lazima viwepo, sibishi. Ila vinamzuia mgeni tu. Redio iliyoibwa ikiwa inawaka, au kifaa kilichoingiwa na programu hasidi, kina ufunguo halali tayari.

Chukua AODV, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kutafuta njia, iliyochapishwa mwaka 2003 kama waraka wa kiufundi RFC 3561. Kifaa kinachotafuta njia hutangaza ombi, na anayeijua njia hujibu akitaja namba ya mfuatano; namba ikiwa kubwa, habari huhesabiwa kuwa mpya zaidi. Basi msaliti anajibu upesi kwa namba kubwa mno, kama mpiga debe anayeapa gari linaondoka sasa hivi, na pakiti, yaani vipande vya data, zikimfikia anazitupa. Waraka wenyewe unakiri kwamba haukuweka hatua maalumu za usalama. Ukidai jibu liwe na sahihi ya kidijitali ya mpokeaji wa mwisho mwenyewe, tundu hilo utaliziba, lakini aliyekaa kwenye njia ya kweli bado ataweza kuzitupa.

Mwaka 2000 Sergio Marti na wenzake wa Stanford walipendekeza kutega sikio: ukishampa jirani pakiti, sikiliza hewani kama anaipeleka mbele. Nalipenda wazo hili, pamoja na kasoro ambazo wao wenyewe walizitaja. Jirani mjanja anapunguza nguvu ya redio, wewe ukamsikia ilhali anayefuata hakupata kitu. Mwingine anatupa chache chache, asifikie kiwango cha kushtukiwa.

Kinachonitia shaka hasa ni vifaa kupashana habari za wabaya, kama ulivyofanya CONFIDANT, mfumo uliopendekezwa mwaka 2002. Msaliti akianza kuchongea, jirani mwema anatengwa na wote, tena kwa kufuata kanuni! CORE, mfumo mwingine wa mwaka huohuo, uliruhusu sifa njema pekee zisambae. Fitina ikapungua, sawa, lakini wawili waliokula njama wanaweza kusifiana hadi mtandao mzima uwaamini.

Kwangu mimi, kifaa kiamini kilichojionea chenyewe. Data ipite njia mbili zisizokutana, na mpokeaji wa mwisho athibitishe kuwa imefika. Betri italiwa, na palipo na vifaa vichache njia ya pili huenda isipatikane. Hata hivyo napendelea gharama hiyo kuliko mahakama ya majirani. Njia isiyorudisha uthibitisho iachwe kwa muda bila kumshtaki yeyote, maana pakiti hupotea pia kwa mawimbi kugongana au mtu kupita nyuma ya ukuta. Kuufuta ufunguo moja kwa moja ningemwachia kiongozi wa kikosi, ambaye anaweza kumuuliza mwenzake ana kwa ana redio yake iko wapi.