"Hutafuta data." Data ipi, jamani?

Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayofanya kazi yenyewe, kapewa zana ya kuitumia; inaitwa tafuta_data. Fungua maelezo yake: "Hutafuta data." Haya, asante sana! Data ya wateja au ya ankara? Inarudisha rekodi 10 au 10,000? Kigezo nacho, yaani sehemu ya kujaza, kimeandikwa "tarehe", basi. Wakala anaweka 03/04/2025. Atajuaje kama ni Machi au Aprili? Si uandike mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-04-03, yaishe? Pembeni kuna pacha wake, pata_data, na hakuna aliyesema ipi itumike lini. Wakala anabahatisha, anarudishiwa "Hitilafu 400" (yaani ombi lina kasoro) kavukavu, bila kuambiwa kosa ni lipi, anarudia yaleyale mpaka kuche. Kisha tunaambiwa modeli, ule ubongo wa wakala, haina akili! Wenzangu, kuongeza ile sentensi ya "usiitumie kwa..." kwenye maelezo ya zana huwa kunakatwa kodi?