Siku Kikoba Chetu Kilipoizidi Serikali kwa Fedha

Mpwa wangu, aliyekuwa ameanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alijitolea kukiandikia kikoba chetu programu ya kujumlisha michango, nami katibu, niliyechoshwa na daftari, nilimkubalia kabla hajamaliza kueleza. Siku ya kikao mwanachama wa kwanza alitoa shilingi 20,000, wa pili akatoa kiasi hicho hicho, na kompyuta ikatangaza kwamba jumla ni 02000020000. Mwenyekiti alizihesabu tarakimu kwa ncha ya kalamu, akaipuuza sifuri iliyotangulia, kisha akatamka kwa sauti iliyopungua nguvu: bilioni mbili na elfu ishirini. Wa tatu alipochangia tukafikia trilioni mia mbili na ushee, na kwa kuwa bajeti ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, mama mmoja aliuliza kama Wizara ya Fedha ingekubali kukopa kwetu kwa riba ya kawaida.

"Mjomba, kompyuta haikosei," mpwa alininong'oneza.

Furaha ilikatika zamu ya faini ilipofika. Mzee mmoja aliyechelewa vikao vitatu, kila kimoja kwa faini ya shilingi 500, alidaiwa 500500500, akasimama na kuomba aelezwe ni kuchelewa kwa namna gani kunakogharimu zaidi ya milioni mia tano.

Hapo ndipo msimbo, yaani maandishi ya programu, ulipokaguliwa. Amri ya input, inayopokea kile mtu anachoandika, hata ukiiandikia tarakimu tupu, hurudisha stringi, yaani mfuatano wa herufi. Alama ya kujumlisha huzibandika stringi mbili ubavu kwa ubavu, na ya kuzidisha huirudia stringi mara ulizotaja. Python ilikuwa imemwonya mpwa mapema kwa kukataa kujumlisha stringi na sifuri ya kuanzia, naye, ili ujumbe wa kosa umwondokee, akaifunga sifuri hiyo kwa alama za nukuu, nayo ikawa stringi, jambo ambalo kwangu ni sawa na kumziba mlinzi mdomo ili usisikie habari za wezi.

Alipozigeuza stringi kuwa namba kwa amri ya int, mweka hazina aliandika mchango wake kama alivyozoea maisha yake yote, 20,000/=, na programu ikakatika, kwani int haikubali mkato wala mkwaju. Mpwa alipojaribu kumwelekeza, mweka hazina alimjibu kwamba fedha isiyo na mkato huibiwa sifuri njiani. Wakati huo mzee wa faini alikuwa amekwisha kuweka shilingi 1,500 mezani, akidai stakabadhi ya mkono, tena kiasi kiandikwe kwa maneno.