Spishi 126 kwenye jina moja: wanatuongezea majina au sisi ndio tulikua hatuangalii?

Kuna kauli naisikia sana zikianza stori za mazingira hapa Lamu, ati hawa watu wa DNA kazi yao ni kuongeza majina tu, kitu umekijua miaka yote kinapelekwa maabara kinarudi vitu kumi. Na mfano unaotolewa ni Cora, aina ya kuvumwani (kiumbe cha ubia wa kuvu na mwani, kwa Kiingereza lichen), manake ndio uliotia fora. Mwaka 2014 Robert Lücking na wenzake, akiwemo Manuela Dal Forno na James Lawrey, walionyesha kwenye jarida la PNAS kwamba kuvumwani moja ya Amerika ya Kusini na ya Kati iliyokua ikihesabiwa spishi moja kwa miaka mingi, kumbe ni spishi zisizopungua 126, na kwa makadirio yao zikitafutwa vizuri zitapita 400. Mtu akisikia hivo lazima acheke.

Mimi sicheki, ila hao wanaolalamika tuwape haki yao kwanza, si wajinga.

Jina ni la kutumika. Mtu anaetoka asubuhi na lenzi na kisu kidogo akifika kwenye mti anataka aangalie, akwaruze, akate shauri. Ukimwambia hii na ile zimefanana rangi, umbo na kemikali, tofauti iko kwenye herufi kadhaa za jeni, bas umemnyang'anya kazi yake, na kupima DNA ni pesa na maabara zenyewe hazipatikani kila mji. Alafu kuna hoja ya kitaalamu ambayo kwangu ndio nzito. Kipande cha ITS kinachotumika sana kutambua kuvu ni kipande kimoja tu cha DNA, na mgawanyiko unaouona hapo pengine ni ukoo mmoja uliojitenga kisiwani kwake, si spishi. Mwaka 2017 Jeet Sukumaran na Lacey Knowles walisema wazi kwamba zile modeli za kompyuta zinazopendwa kwa kugawa spishi zinaona muundo wa makundi, si lazima ziwe zinaona spishi zenyewe. Ongeza na tatizo la vielelezo vya zamani, yaani sampuli zilizokaushwa na kuhifadhiwa: kwa sheria jina linafuata kielelezo cha mwanzo, na vingine vimekaa kabatini miaka 150 na zaidi, DNA imeshavunjikavunjika, sasa ukigawa moja kua kumi utajuaje nani kati ya hao kumi ndio mwenye jina la zamani?

Haya. Lakini watu wakisoma "126" wanadhani zimeishia kwenye kompyuta, na hapo ndipo wanapokosea.

Walichofanya wale jamaa baada ya DNA ni kurudi kuangalia upya. Cora ni kama vijani vya kijivu au kijani cha kufifia vyenye ukingo mweupe uliojikunja, huota kwenye udongo katikati ya kuvumaji (moss) au kwenye vijiti vya miti. Sasa wakiwa na makundi mkononi wakaanza kuona: hii inakaa chini, hii haishuki mtini, hii juu ina vinywele na ile ni laini, hii ikirowa ina rangi yake. Vitu hivyo vilikuepo siku zote, ila ikishakaushwa na kubanwa kwenye bahasha rangi inapotea na umbo linalala, na wataalam wengi walikua wakisomea humo humo kwenye bahasha. Baadae wakaandika spishi mpya 70 kwa mpigo, kila moja na maelezo yake (kwanini 70? walikua wanamtunza mwenzao David Hawksworth kutimiza miaka 70, zawadi za wataalam hizo, sisi wengine tunapewa halua). Kwahivo sehemu kubwa ya hii "siri" haikua siri, DNA iliwaambia tu waangalie wapi.

Mbona sisi wenyewe tunalijua hili? Mgeni akishuka gatini akitazama ng'ambo anaona mikoko, kitu kimoja cha kijani. Mkata boriti hawezi kukuelewa ukimwambia mkoko, mkandaa, muia, mchu na mlilana ni mti mmoja, Kenya ina aina 9 na yeye anazijua kwa gome, kwa mizizi, kwa uzito begani. Hakuna anaemwambia ameongeza majina.

Na ugomvi wenyewe si wa leo. Mwaka 1866 William Nylander alianza kupima kuvumwani kwa matone ya kemikali, na watu walinung'unika hivi hivi, ati spishi gani hiyo inayoonekana kwa dawa tu. Leo kila mtu anafanya. Chukua malele, ile kuvumwani ya kijivu inayoning'inia kama kanda nyembamba kwenye miti ya pwani, Roccella kwa jina la kitaalam, ambayo karne ya 19 ilikua inakusanywa pwani hii kupitia Zanzibar kwenda Ulaya kutoa rangi ya zambarau, na karatasi ya litmasi ya shuleni asili yake ni jamii hiyo hiyo. Kwaruza kidogo Roccella montagnei, tia tone la Jik, panageuka pekundu hapo hapo alafu wekundu unafifia. Jicho peke yake lisingekwambia kuna nini ndani. Tulikubali Jik, tunakataa DNA kwa sababu gani hasa?

Tena DNA haigawi tu, inaunganisha pia. Kule kaskazini magharibi mwa Marekani na Kanada kuna kuvumwani mbili za jenasi ya Bryoria, fremontii ya kahawia ambayo wenyeji walikua wakiila, na tortuosa ya manjano yenye sumu. Majina mawili kabisa, na kwa mlaji ni tofauti ya uhai. Watafiti wakapima DNA ya kuvu wenyewe, hakuna tofauti. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake wakakuta ndani ya gamba la nje kuna kuvu mwengine wa aina ya hamira, na kwenye ile ya sumu amejaa zaidi. Wanaosema hawa wanapenda kuzidisha majina tu, hili wanalipita kimya.

Kufanana kwenyewe pia ni shahidi mbovu kwenye viumbe hivi, manake kuvumwani si ukoo mmoja. Tangu 1995 Andrea Gargas na wenzake walionyesha kuvu waliingia ubia na mwani zaidi ya mara moja, kila ukoo kivyake. Cora ndugu zake ni uyoga, malele wako mbali huko kwengine kabisa. Hapa kwetu Paul Kirika na George Mugambi wa National Museums of Kenya wamefanya kazi hii na watu wa Field Museum ya Chicago, na kwenye Bulbothrix, jenasi iliyotambuliwa kwa vinywele vya pembeni vyenye kivimbe kwenye shina, ikaonekana kwamba wenye vivimbe hivyo si wa tumbo moja.

Ila kinachonikosesha raha mimi ni hesabu ya pili iliyofichika ndani ya ile 126, na hii wachache wanaisema. Spishi moja iliyosambaa bara zima haimtishi mtu, ukifyeka mlima mmoja iko kwengine. Zikiwa 126, kila moja na kimlima chake, na milima ya Andes inalimwa viazi na kulishwa ng'ombe, basi ule ufyekaji mdogo unaweza kumaliza spishi nzima na kwenye karatasi hakuna kilichopungua, manake jina la zamani bado lina wengine wa kuliwakilisha. Ripoti za tathmini ya mazingira zinaorodhesha majina, orodha ya IUCN, ile ya dunia ya viumbe vilio hatarini, inapima majina. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na bandari imeshachimbwa. Aliekwambia kwamba kinachoota kwenye magome yale ni "kile kile cha kila mahali" amekwambia kwa kipimo gani?

Kwahivo mimi nasema wapewe majina, lakini kwa masharti ya wale wanaolalamika: jeni zaidi ya moja, na angalau alama moja ya kuonekana au ya makazi ikitafutwa kwa bidii kabla ya kusema haipo. Jina la zamani libaki kama jina la kundi kwa mtu wa lenzi na kisu, aandike hilo bila aibu. Na vielelezo vipya vikusanywe sasa hivi, pande zote mbili zinavihitaji: bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki utaota ukungu, tarehe, mahali, mti gani na upande gani wa mti, na picha kabla hakijakauka.